Shajara ya darasa la jioni, Uyole, Mbeya: watu wazima, simu zao na matatizo yao

Wiki ya 1, Jumanne

Darasa limefunguliwa leo saa 10 jioni katika chumba cha darasa la tatu cha shule ya msingi iliyotuazima madawati yake. Wamefika wanafunzi 17 kati ya 22 waliojiandikisha, wanawake 11 na wanaume 6. Wengi wanakaa hapa hapa Uyole na Nsalaga, wawili ni wakulima wa viazi wanaoteremka kwa gari kutoka upande wa Isyonje, na mmoja ni kijana wa bodaboda ambaye kijiwe chake kiko njia panda, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Zambia. Simu za kupangusa ni 9 na vitochi ni 8. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo itakayoamua mambo mengi: somo lolote lisilowezekana kwenye kitochi linawaacha nje karibu nusu ya wanafunzi wangu.

Madawati ni ya watoto. Mama mmoja, muuza ndizi, amekaa upande upande muda wote kwa kuwa magoti yake hayakuingia chini ya meza.

Sikufundisha chochote kuhusu simu. Niliuliza swali moja tu, jambo gani limekusumbua wiki hii, nikawa naandika majibu ubaoni. Majibu ya kwanza yalikuwa yale ambayo mtu mzima humpa mwalimu ili amridhishe: sijui kompyuta, sijui intaneti. Niliyakataa kwa adabu, maana kutojua kompyuta si tatizo la mtu anayeuza ndizi. Tatizo lake ni lile linalomnyima usingizi, na kompyuta inaweza kulisaidia au isilisaidie. Ilituchukua karibu saa nzima mpaka mambo yenyewe yakaanza kutoka: gunia la viazi linalonunuliwa kwa lumbesa, yaani likiwa limejazwa kupita kipimo, meseji za matapeli, viazi vinavyonyauka shambani vikiwa bado kijani, tokeni za umeme zinazokataliwa na mita, na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho hesabu zake za Oktoba hadi Desemba hazikubaliani na fedha iliyomo sandukuni, kiasi kwamba mgawo wa mwisho wa mwaka umeahirishwa na watu wamepeleka watoto shule kwa kukopa. Hilo la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini na mama aliyekaa karibu na mlango. Baadaye nilitambua kuwa yeye ndiye mtunza hazina.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kwa faida ya atakayelirithi darasa hili, naandika msingi niliotumia kupanga masomo. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilipopima stadi za watu wazima katika nchi 24 mwaka 2011 na 2012, liliongeza juu ya kusoma na kuhesabu stadi ya tatu, yaani kutatua matatizo katika mazingira yaliyojaa teknolojia. Maana waliyoipa ni kutumia zana za kidijitali na mitandao ili kupata habari na kuzipima, kuwasiliana na wengine na kutimiza shughuli za maisha. Mtu hakuulizwa kitufe kiko wapi. Alipewa shughuli, kwa mfano kupanga majibu ya mwaliko wa sherehe yaliyoingia kwenye barua pepe, akaangaliwa anaifikishaje mwisho. Katika duru ya 2022 na 2023 kipimo hicho kiliachwa, mahali pake kikawekwa kingine kinachotazama jinsi mtu anavyobadili mpango wake pale mambo yanapobadilika katikati ya kazi.

Nchi yetu haikuwamo katika duru hizo mbili, na mazingira yaliyotumika katika ile ya kwanza, ambayo ni barua pepe, tovuti na lahajedwali (jedwali la kidijitali la kufanyia hesabu), hayafanani sana na ya hapa. Hakuna mwanafunzi wangu anayetumia barua pepe, ingawa wenye simu za kupangusa karibu wote wana anwani waliyofunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu, na nywila yake wameshaisahau. Mazingira yetu ni meseji, makundi ya WhatsApp, menyu za nyota na reli (* na #), na wakala wa kona. Hata hivyo, kuna neno moja katika maana ile nililolipigia mstari: kupima. Nimelipangia wiki moja, ya saba.

Wiki ya 2, Jumanne

Tumeanza na menyu za nyota na reli kwa kuwa kila simu inazo. Alama ya # wote wanaiita reli, na katika mji ambao treni ya TAZARA imekuwa ikipita tangu miaka ya 1970 hakuna aliyeniomba nimweleze jina hilo limetoka wapi.

Leo nimefanya kosa ambalo nilijiapiza nisilifanye. Mkulima mmoja wa Isyonje alikuwa akibonyeza kioo cha simu yake bila kuitikiwa. Kidole gumba chake kimepasuka kwa jembe na baridi, ngozi yake ngumu na kavu, na kioo cha simu ya kupangusa hakimtambui vizuri mtu wa ngozi kavu. Akakilamba kidole, akakifuta kwenye koti, akabonyeza tena; menyu ikafunguka, kisha ikajifunga kwa kuwa muda ulikwisha. Wenzake walikuwa wanamsubiri. Niliichukua simu, nikabonyeza mara tano, nikamrudishia kazi ikiwa imekwisha.

“Ahsante, mwalimu,” akasema. “Sasa nikifika nyumbani nitakupata wapi?”

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno yake yalinikaa. Kuanzia sasa mikono yangu itakaa mgongoni, na mwanafunzi anayejua atamwelekeza asiyejua kwa mdomo tu. Kuhusu kidole, kijana wa bodaboda alimshauri atumie kidole cha pete, ambacho jembe halikigusi sana, na kweli kikakubali. Mimi nisingelifikiria hilo.

Wiki ya 2, Alhamisi

Mzee wetu wa pekee aliyepita umri wa miaka 65 alitusimulia habari ya mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, alipokuwa kijana na kijiji chao kikikusanyika kuizunguka redio moja. Kampeni ile ilikwenda kwa wiki 12 na kuwafikia watu wapatao milioni 2 nchini, miaka mitatu tu baada ya 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa nimeisoma, lakini sikuwahi kumsikia aliyekaa ndani yake. Alieleza kuwa redio ikinyamaza, kiongozi wa kikundi alisoma kitabu, watu wakabishana, kisha wakaamua la kufanya kabla ya kikao kijacho. “Redio ilisema,” akasema, “lakini choo tulichimba sisi.”

Nimeuchukua utaratibu huo kama ulivyo. Kila somo litaishia kwa kila mtu kusema atafanya nini kabla hatujakutana tena, na kikao kinachofuata kitaanza kwa kuuliza ilikuwaje.

Wiki ya 3, Jumanne na Alhamisi

Vikao viwili vyote vimekwenda kwenye utapeli, na vilistahili. Kila mtu darasani amewahi kupata ile meseji ya kumwambia ile hela aitume kwenye namba hii, na mwanzoni waliicheka kama jambo la wajinga. Kicheko kilikoma mama muuza ndizi alipoeleza kwamba yeye aliituma. Asubuhi ile alikuwa ameahidi kumlipa mkulima wa Tukuyu fedha ya mikungu aliyoichukua kwa mali kauli, na meseji ikaingia saa ile ile aliyokuwa anatafuta wakala.

Tulikaa na habari yake kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake mna ufundi wa tapeli mwenyewe. Tapeli hakumjua mama huyu, hakujua ndizi wala Tukuyu. Alitupa meseji ile ile kwa watu wengi, akijua kwamba katika nchi ambayo kila mmoja ana mtu anayemdai, lazima itamwangukia aliyekuwa tayari kutuma. Kwa hiyo kumwambia mtu awe mwangalifu hakumsaidii, kwani mama alikuwa mwangalifu na alikuwa anatimiza ahadi. Kinachomsaidia ni tendo. Darasa lilikubaliana juu ya moja: mtu ampigie anayemdai kwa namba ya zamani iliyohifadhiwa kwenye simu, amsikie sauti, ndipo atume. Jina linalojitokeza wakati wa kutuma lisomwe kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri, maana wengi walikiri kuwa hulipita kama mtu anavyopita tangazo la mazishi ya asiyemjua. Meseji yenyewe haifutwi. Inapelekwa kwenda 15040, inakopokelewa taarifa za utapeli wa simu.

Alhamisi tulipiga *106# ili kila mmoja aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, laini inafungwa kwenye namba ya NIDA ya mtu, yaani ya kitambulisho cha taifa, na mama mmoja mwenye kitochi alikuta namba mbili asizozijua. Alikumbuka kuwa siku ya kusajili aliambiwa aweke kidole mara kadhaa kwa kuwa eti mashine haijasoma. Kwenda kuzifuta ndiyo kazi aliyojipangia.

Jambo dogo lililowafurahisha: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watu walioibeba miaka mingi kama mzigo wa tarakimu waligundua kuwa nusu yake karibu wanaijua kwa kichwa.

Wiki ya 4

Mvua kubwa siku zote mbili. Jumanne walikuja 6, Alhamisi 8. Yule mama amefuta laini zake mbili. Tumerudia ya wiki ya tatu.

Wiki ya 5, Jumanne na Alhamisi

Lumbesa. Mkulima wa Isyonje alipima gunia lake kwa mizani ya jirani, likafika kilo 125, wakati Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi alilipa shilingi 75,000. Kikokotoo cha kitochi kilitoa jibu mara moja: kilo moja imeuzwa shilingi 600, na gunia la halali kwa fedha ile ile lingeiweka kilo kwenye shilingi 750. Wote walinyamaza, kisha mzee akauliza kama mnunuzi naye ana kikokotoo. Anacho, bila shaka, na amekitumia kabla yetu.

Walifungua kundi la WhatsApp la wakulima saba, wakakubaliana kuuza kwa kilo. Alhamisi wakaja na taarifa: wanne wameuza lumbesa kama kawaida, kwa kuwa lori lilikuwa limesimama barabarani, mvua inanyesha, na viazi vilivyokwisha kung’olewa havisubiri mkutano. Naliandika kama tatizo ambalo hatukulitatua. Kukokotoa halikuwa jambo gumu hata kidogo.

Wiki ya 6, Jumanne na Alhamisi

Mkulima wa pili wa Isyonje alikuja na shina la kiazi ndani ya mfuko wa nailoni, akasema tayari amepata jibu. “Simu imesema ni ukungu.” Ameshanunua dawa ya ukungu na kupuliza mara mbili, na viazi vinaendelea kufa.

Nilimwomba atuonyeshe alivyoiuliza simu. Kwanza alikuwa ameandika jina la ugonjwa kwa Kisafwa, asipate kitu, kisha akaandika viazi vinakauka, akafungua ukurasa wa kwanza, wenye picha ya jani lenye mabaka meusi. Nikaliuliza darasa kama shina lililo mezani lina mabaka. Halina. Limelegea tu, majani yake yangali kijani, kama mboga iliyoachwa juani. Basi wakaanza kutafuta upya, safari hii kwa kueleza wanachokiona badala ya jina wanalolidhani, na maneno viazi vinanyauka vikiwa kijani yakawafikisha kwenye maelezo ya wakulima wa Kenya kuhusu mnyauko wa bakteria na namna ya kuupima kwa glasi ya maji.

Kipimo hicho ni rahisi hadi kinatia aibu. Tuliazima glasi kwa mama wa chai aliye nje ya geti, tukaijaza maji safi, tukakata shina juu kidogo ya mahali linapotokea ardhini, tukalining’iniza ili ncha iguse maji bila kufika chini. Watu wazima 15 walisimama wakiizunguka glasi moja, mmoja akimulika kwa tochi ya simu. Dakika ya tatu hakuna kitu. Kisha kutoka kwenye lile kato ukashuka uzi mwembamba mweupe kama maziwa, ukajipinda polepole kuelekea chini, na wa pili ukaufuata. Huo uzi ni bakteria wenyewe. Ukungu hautoi uzi.

Mkulima alikaa kimya, nadhani alikuwa anahesabu gharama ya dawa. Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kupuliza; unakaa kwenye udongo na kwenye mbegu, na dawa ya ukungu haimgusi bakteria hata ikipulizwa kila siku. Alhamisi alimpelekea afisa ugani shina jingine, naye akathibitisha, akamwelekeza ang’oe mimea iliyougua na kuiteketeza, shamba lile apande mahindi kwa misimu kadhaa, na mbegu inayofuata aitafute kwa wanaouza iliyo safi. Kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, kiko karibu kabisa na darasa letu, lakini njia tuliyopita ilizunguka kwanza Kenya. Sioni ubaya wake, ila nimeliandika ili tukumbuke kuuliza jirani pia.

Ninachotaka kukiandika zaidi ni ile kauli yake, simu imesema. Nimeanza kuisikia kila siku. Wiki ya kwanza watu hawa waliogopa kwamba wakibonyeza vibaya simu italipuka. Wiki ya sita hofu imekwisha, na mahali pake imeingia imani ambayo wasingempa mtu yeyote aliye hai. Mganga wa kienyeji wangembishia, afisa ugani wanambishia, lakini simu ikisema imesema. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na hofu. Hili sikujiandaa nalo. Tumekubaliana kwamba darasani maneno hayo hayatumiki. Mtu aseme nani ameandika, anaishi wapi, na sisi tumejuaje kuwa ni kweli kwetu.

Wiki ya 7

Wiki iliyotengwa kwa kupima, na nusu yake imeliwa na tokeni za umeme. Mita ya bibi mmoja ilikuwa inakataa tokeni kila mara. Kumbe alikuwa anafungua meseji ya juu kabisa kwenye orodha yake, ambayo kwa mpangilio wa simu yake ilikuwa ya zamani, iliyokwisha kutumika. Amejifunza kusoma tarehe kwanza, kisha kuzisoma tarakimu 20 nne nne kwa sauti huku mjukuu akibonyeza. Limekwisha kwa robo saa baada ya kumsumbua mwaka mzima.

Wiki ya 8

Kikoba. Saba kati ya wanafunzi wangu ni wanachama wake, na mtunza hazina amekubali kulileta daftari kwa idhini ya kikao. Kulingana na daftari, makusanyo ya Oktoba hadi Desemba, yaani hisa, marejesho, mfuko wa jamii na faini, ni shilingi 1,318,000. Sanduku lilipofunguliwa mwisho wa Desemba mbele ya wenye funguo tatu lilikuwa na shilingi 1,312,000. Katika miezi hiyo hawakukopesha kwa kuwa walikuwa wanajiandaa kwa mgawo. Pengo ni shilingi 6,000. Ni fedha ndogo, lakini kikoba kinasimama juu ya kuaminiana, na maneno yalikuwa yamekwisha kuanza sokoni.

Tumegawana kazi kwa namna inayowapa nafasi wenye vitochi. Mmoja anasoma mstari kutoka kwenye daftari, wa pili anauandika kwenye lahajedwali katika simu ya kupangusa, wa tatu anasikiliza na kuangalia kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Mistari inapita 200. Vioo ni vidogo, visanduku vya jedwali ni vidogo zaidi, na kila mtu alilalamikia macho yake.

Wiki ya 9, Jumanne

Mistari imekwisha kuingizwa. Niliwaonyesha namna ya kujumlisha safu nzima kwa fomula moja, na jedwali likatoa shilingi 1,164,000.

Naandika kilichofuata kama kilivyotokea. Nilitazama ile namba, nikatazama daftari, nikamwambia mtunza hazina mbele ya darasa lote, “Mama, daftari lako limezidisha shilingi 154,000.” Sikusema ameiba. Lakini katika chumba chenye wanachama saba wa kikoba chake, ambao watoto wao wamekosa sare kwa sababu ya pengo la shilingi 6,000, nilikuwa nimetamka kuwa hesabu zake haziaminiki, na msingi wangu ulikuwa ule ule niliowakataza: simu imesema. Alijifunga khanga yake vizuri, akachukua daftari, akaaga kwa heshima, akaondoka kabla ya saa 12.

Wiki ya 9, Alhamisi

Hakuja.

Mama muuza ndizi alikuja akiwa na karatasi. Jumanne alikuwa amenakili kwa mkono kurasa alizokuwa anazisoma, na nyumbani alizijumlisha mara mbili kwa kikokotoo cha kitochi chake. “Mwalimu, mimi sijui jedwali,” akasema, “lakini kitochi changu kinakubaliana na daftari.” Ukurasa wake wa Novemba, kwenye daftari na kwenye kitochi, ulikuwa mkubwa kuliko kwenye jedwali kwa shilingi 70,000 kamili.

Tukalifungua jedwali kwenye ukurasa huo, kila mmoja akiwa na kioo chake. Namba zote zilikuwapo, sawasawa na daftari, hakuna mstari uliorukwa. Nilianza kufikiri kuwa fomula imeanzia chini mno. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeona. Alisema baadhi ya namba zimeegemea kushoto, nyingine zimeegemea kulia, kama abiria ndani ya daladala inapokata kona, na akauliza kwa nini zisikae upande mmoja.

Zilizoegemea kushoto kwenye ukurasa ule zilikuwa mbili: 30,000/= na 40,000/=. Aliyeziandika ni mwanafunzi makini kuliko wote, aliyefundishwa shuleni kwamba kiasi cha fedha bila mkwaju na alama ya sawasawa mwishoni mwake hakijakamilika, na kwenye karatasi hilo ni kweli. Programu ya lahajedwali inaona vingine. Ikikuta alama hizo mwishoni mwa tarakimu, inalichukua neno zima kuwa maandishi, inalisogeza kushoto kama inavyosogeza majina ya watu, na fomula ya kujumlisha inapofika hapo inapita bila kuhesabu na bila kutoa onyo lolote. Haikosei, inajumlisha namba, na kwake ile si namba.

Tukapita safu nzima kutafuta zilizoegemea kushoto. Zilikuwa sita. Nilimwomba mwandishi mwenyewe azirekebishe moja moja, darasa likiangalia jumla iliyo chini: akafuta alama kwenye 30,000, jumla ikaruka hadi 1,194,000, kwenye 40,000, ikafika 1,234,000, kisha 25,000, 20,000 na 24,000, ikasimama kwenye 1,303,000. Ya mwisho ilikuwa 15,000. Watu walikuwa wamesimama. Jumla ikasoma 1,318,000, kama daftari, shilingi kwa shilingi.

Wiki ya 9, Ijumaa

Nimekwenda nyumbani kwa mtunza hazina, pamoja na mama muuza ndizi na kijana wa bodaboda, kumwomba radhi. Alitukaribisha chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, akanisikiliza hadi mwisho, akamwomba kijana amwonyeshe zile namba zilizoegemea kushoto. Alizitazama kwa muda. “Mimi nilihesabu kwa kidole, ninyi mkahesabu kwa umeme,” akasema. Kisha akauliza kama jedwali linaweza kuwekwa rangi, ili yeye ajue mstari upi ameshauhakiki. Nimemwambia nitaomba radhi pia mbele ya darasa, mahali nilipomkosea. Akasema hilo ni sawa.

Wiki ya 10

Nimeomba radhi. Baada ya hapo tumeandika jumla kila ukurasa kwa njia mbili, jedwali na kitochi, na hakuna jumla inayotajwa kwa sauti mpaka zote mbili zikubaliane. Sheria hiyo wameitunga wao. Inapunguza kasi karibu nusu, na sijaipinga.

Wiki ya 11

Waliohudhuria ni 14. Wanafunzi wawili wameacha kabisa, mmoja amekwenda Kyela kwenye mpunga. Wametumia chujio la jedwali kuona aina moja ya malipo kwa wakati, wakaanza na hisa, zikalingana, marejesho, yakalingana, mfuko wa jamii, ukalingana. Zimebaki faini.

Wiki ya 12, Alhamisi

Mtunza hazina ndiye aliyeongoza kikao, simu ya kijana wa bodaboda mkononi, mimi nimekaa nyuma kwenye dawati la mtoto. Alichuja faini, zikatoka 11, kila moja shilingi 2,000. Kisha akafungua daftari na kueleza jambo ambalo hakuna jedwali lingetuambia: katibu huandika faini pale mtu anapochelewa kikaoni, lakini fedha huingia siku atakapoilipa, na aliyelipa huweka saini pembeni. Darasa likapitia mistari 11. Saini zilikuwa 8.

Tatu zisizo na saini ni shilingi 6,000. Ya kwanza ni ya mama muuza ndizi, aliyecheka, akafungua fundo la khanga akalipa papo hapo, akaweka saini. Ya pili ni ya mwanachama aliyehamia Makambako. Amepigiwa simu kwa namba yake ya zamani, amekubali, na atatuma. Ya tatu, ya wiki ya pili ya Novemba, ni ya mwenyekiti. Mtunza hazina ameupaka mstari huo rangi ya njano na kusema kuwa Jumapili, baada ya sala ya kufungua kikao, ndiyo itakayokuwa ajenda ya kwanza.